Muziki wa Babu Chuma: bosi wa mwisho aliyenirudisha kwenye ngoma yangu

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuchangia nawasalimu pia, najua mpo wengi.

Nimeona vijana huko juu wanabishana muziki upi wa bosi wa mwisho kwenye magemu ni mkali kuliko yote. Mmoja anasema wa joka, mwingine wa yule mchawi wa mnarani, mara matusi, mara wanatupiana picha.

Nilitaka nichangie pale pale. Nikaona maneno yangu ni mengi, acha nifungue uzi wangu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mashahidi wapo kijijini kwetu Liuli wazima wa afya. Atakayesema hii ni chai, apande gari aje, nitampeleka mlango kwa mlango. Wahusika nitawataja. Mimi nimeishia darasa la tano, mpangilio wa maandishi mtanivumilia, lakini majina ya walionitenda siyakosei.

Mimi ni mtu wa huku kando ya Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma. Ujana umeshaniaga. Kazi yangu nyavu na shamba la mihogo.

Ila ukifika hapa ukamuulizia Baba Neema mvuvi, watakutazama tu. Uliza Baba Neema wa ngoma kubwa, utaletwa hadi mlangoni.

Kwa wasiojua, huku kwetu tuna ngoma ya wanaume inaitwa mganda. Mnapanga mistari kama askari, kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi ndefu. Mbele kuna Kapteni na filimbi yake. Wengine wanavumisha vibuyu, vile tunavyoviziba kwa utando wa buibui ili vitoe mlio wa kuzizima. Nyuma kuna ngoma ndogo, na nyuma kabisa kuna ngoma kubwa.

Ngoma kubwa ndiyo inayobeba miguu ya watu wote. Ikikosea, mstari mzima unajikwaa, na kijiji kizima kinacheka.

Hiyo ngoma aliipiga baba yangu. Akanikabidhi mimi, mikononi, mbele ya kikundi, na siku ile alilia. Sitaki kueleza zaidi hapo.

Sasa. Kiharusi kilinikuta nimeinama nashona wavu. Nikaona mkono wa kulia umeachia sindano bila ruhusa yangu. Nikataka kumwita mke wangu, mdomo ukaenda upande. Nikaanguka kwenye nyavu kama samaki, nasikia watu wanakuja mbio.

Hospitali walinipigania, Mungu awape maisha marefu, lawama zangu haziendi kwao.

Lawama zangu zinaanza na Fulko.

Fulko ndiye Kapteni wa kikundi chetu. Alikuja kuniona wodini na wenzake. Nilikuwa nimelala macho yamefumba, mdomo umepinda. Akasimama miguuni pangu akasema, "Huyu tumhesabu na marehemu, tofauti yake anapumua."

Wakuu, kiharusi kilichukua mkono, mguu na mdomo. Masikio hakikugusa.

Wa pili anaitwa Damasi. Huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Mimi nikiwa bado wodini, alikwenda nyumbani kwangu akamwambia mke wangu, "Shemeji, ngoma ya kaka naichukua niitunze, panya wasije wakala ngozi."

Mke wangu akampa. Angekataaje, ni shemeji yake.

Niliporudi nyumbani, natembea kwa fimbo, nikamkuta Damasi uwanjani kavaa kaptula nyeupe, anapiga ngoma ya baba. Hao panya ndio waliomvalisha kaptula?

Nikamfuata Fulko. Akaniwekea mkono begani kwa upole wa kinafiki, akasema, "Kaka, pumzika. Tumekuandalia cheo cha mshauri."

Nikamwambia mshauri ni bibi yake.

Tukashikana maneno mbele ya kikundi kizima. Mwisho Fulko akatangaza hivi: kuna mazoezi ya mwisho kabla ya kupanda Mbinga kushindana na vikundi vya milimani. Siku hiyo Baba Neema aje apige wimbo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mstari usipovunjika, ngoma yake. Ukivunjika, ngoma ni ya Damasi moja kwa moja na asiisemee tena hadi kaburini.

Watu wote wakasema sawa. Na mimi nikasema sawa, kwa hasira, wakati hata kijiko kilikuwa kinanishinda.

Kwenye kliniki ya mazoezi walinipa mpira wa matambara niwe naubinya kwa mkono wa kulia. Wakuu, mmewahi kubinya mpira kutwa nzima? Unajiona mjinga. Nilikuwa naubinya huku natukana majina mawili, Fulko, Damasi, Fulko, Damasi.

Jirani yangu mmoja, Mama Tuzo, mjane, ana kibanda cha gemu pale karibu na ufuko wanapoanikia usipa, wale dagaa wetu. Akaniona nateseka na mpira.

Akasema, "Baba Neema, acha huo uchafu. Njoo kwangu mchana, vijana wakiwa shambani na ziwani. Kuna pedi ina vitufe chungu nzima, ubonyeze hadi vidole vikome."

Nikaona aibu. Mtu mzima na gemu? Lakini nikaenda, kwa kupitia nyuma ya kibanda.

Gemu lenyewe jina lake silijui, limeandikwa kwa herufi za huko mashariki ya mbali. Sisi tunaliita gemu la Babu Chuma. Unakuwa na askari wako ana panga, unapita levo baada ya levo, mwisho kabisa unaingia kwenye ukumbi mkubwa umejaa ukungu. Humo ndani yupo mzee mrefu, ndevu hadi magotini, amevaa chuma mwili mzima, ana nyundo. Huyo ndiye bosi wa mwisho.

Na huyo hakuna aliyewahi kumshinda. Liuli nzima. Hata Benja, dereva wa bodaboda ambaye ndiye bingwa wa kibanda, alikuwa akifika kwa Babu Chuma anapondwa anatupa pedi chini, Mama Tuzo anamfokea.

Walikuwa wamelisevu pale pale mlangoni kwa Babu, ili kila mtu ajaribu bahati yake. Na mimi ndipo nilipoanzia. Sikupitia levo hata moja. Kwa hiyo wakuu msinione mtaalamu, mimi katika magemu yote duniani najua ukumbi mmoja na mzee mmoja.

Nilikufa. Nikafa. Nikafa tena. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinafika kwenye kitufe kikiwa kimechelewa kama mtu anayekuja kikaoni wakati watu wanafunga sala.

Benja akapita siku moja kununua vocha, akachungulia. "Shikamoo Baba Neema! Babu amekuua tena? Huyo hana heshima kabisa kwa wazee wenzake."

Nikamwambia, "Marahaba. Wewe kijana mbona anakuua pia?"

Akacheka. "Mimi ananiua nikiwa nakimbia, baba. Wewe anakuua umesimama unamtazama kama unasubiri akusalimie."

Alikuwa anasema kweli.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana uzi wote uko hapa.

Vibanda vya gemu vya huku mnavijua. Nje kuna spika kubwa imeelekezwa barabarani, inapiga nyimbo za kucheza asubuhi hadi jioni ili wateja waje. Televisheni ya ndani sauti yake inashushwa hadi sifuri, maana itasikika wapi. Watu wote tunacheza gemu kwa macho. Tangu kibanda kile kifunguliwe, hakuna mtu aliyewahi kusikia sauti ya lile gemu. Hata mwenye kibanda.

Kukatokea msiba, nyumba ya pili kutoka kibandani. Kwetu kukiwa na msiba, muziki unazimwa mtaa mzima hadi watu watawanyike. Mama Tuzo akazima spika. Vijana hawakuja, na yeye akashinda msibani na wanawake wenzake.

Mimi asubuhi nilikaa msibani na wanaume. Mchana nikamwambia Mama Tuzo mkono unakaza, nahitaji kuubonyezesha. Akanipa ufunguo, akasema, "Funga mlango, na kelele nisisikie."

Nikaingia. Nikawasha. Kimya kile kikanielemea kidogo. Nikachukua rimoti nikapandisha sauti ya televisheni, kidogo tu, ya mtu mmoja.

Askari wangu akasukuma ule mlango wa ukungu.

Wakuu. Wakuu zangu.

Kwanza zikatoka sauti za watu, wanaume, wengi, chini kabisa, kama kwaya imefungiwa ndani ya pango. Hawatamki neno. Halafu nyuzi zikaanza kukwaruza kwa mbali, zinapanda, zinapanda, unahisi kitu kinakuja. Na Babu Chuma anainuka pale kwenye kiti chake polepole.

Halafu ngoma.

Ngoma kubwa! Moja, nzito, ya kutembea. Mwendo wa mistari. Mwendo ninaoujua tangu nina kaptula ya shule. Hao watu wa huko mashariki nani aliwafundisha mganda?

Sikugusa pedi. Babu akaniponda nikiwa nimeduwaa, nikaanza upya ili nisikilize tena. Akaniponda tena. Nilikuwa nasikiliza huku machozi yanatoka upande mmoja wa uso, upande mwingine ulikuwa bado hautoi.

Nikasikiliza hadi nikaona kitu.

Yule mpiga ngoma wa kwenye gemu ana ujanja. Anatembea, anatembea, halafu ghafla anakata. Ngoma inatoweka. Kwaya inabaki peke yake inaning'inia. Na pigo linalofuata halirudi pale unapolitegemea, linarudi limechelewa kidogo, zito mara mbili.

Na nyundo ya Babu inashuka na lile pigo. Kila mara. Ngoma ikikatika ananyanyua, ngoma ikirudi anashusha.

Ndiyo maana Benja na wepesi wake wote alikuwa anakufa. Alikuwa anaruka mapema, Babu anamsubiri atue ndipo anampiga. Dawa ya Babu Chuma ni kuchelewa.

Na mkono wangu wa kulia kazi yake nyingine ilikuwa nini?

Nikafumba macho. Ngoma ikakatika, nikaanza kukiamuru kidole pale pale, kikajikokota, kikafika kwenye kitufe wakati pigo linarudi. Nyundo ikapita hewani. Nikasikia mlio wa panga langu likiingia kwenye chuma.

Sikumshinda siku ile. Damu yake ikifika nusu, muziki unabadilika, kwaya inapasuka kwa sauti ya juu, ngoma zinakuwa mbili zinajibizana, na hapo nilikuwa napotea. Lakini nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye miguu miwili mizima.

Msiba ulipoisha nikamwomba Mama Tuzo aniachie spika ikae kimya mchana. Akaguna, akakubali, akasema ananihurumia. Akaja kukaa nyuma yangu anachambua usipa wake. Siku ya tatu hivi nikasikia na yeye anagonga ungo kwa vidole. Nikamuuliza, "Unapiga nini?" Akasema, "Sijui, hako kababu kako kamenikaa kichwani."

Nyumbani nikaanza kupiga beseni. Mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unaachwa uje na lile pigo moja la kuchelewa tu. Sikuhangaika tena kuulazimisha uwe kama zamani. Mke wangu akaja juu, "Baba Neema, hilo beseni la vyombo, likipasuka utakula kwenye jani!" Halafu akakaa kwenye kigoda, akawa anasikiliza.

Siku niliyomwangusha Babu Chuma vijana walikuwepo, maana mvua iliwakimbiza shambani. Benja alikuwa amesimama nyuma yangu anakula muhindi. Nusu ya kwanza nikapita. Zile ngoma mbili zikaanza, nikaacha kufuata ya haraka, nikashika ile nzito tu. Mwisho kabisa ngoma zote zinanyamaza, inabaki kengele moja na Babu anayumba.

"Mpige, baba! Mpige!" Benja anapiga kelele, muhindi unamtoka mdomoni.

"Kaa kimya nisikilize!"

Nikasubiri. Pigo likarudi. Nikabonyeza.

Babu akapiga magoti. Kwaya ikaimba taratibu kama inamsindikiza. Kibanda kikalipuka, mtu akanibeba, pedi ikachomoka waya, Mama Tuzo anapiga vigelegele huku anauliza nani atalipia waya. Benja akanishika mkono, ule wa kulia, akasema, "Baba Neema, kuanzia leo nakuamkia mara mbili."

Sasa turudi kwa maadui wa kweli.

Siku ya mazoezi ya mwisho ilifika. Uwanja ulijaa, maana Fulko alikuwa ametangaza kila mahali, alitaka watu waje kuona mwisho wangu. Benja akanileta kwa pikipiki hadi katikati ya uwanja.

Damasi akaniletea ngoma bila kunitazama usoni. Ngozi ilikuwa nzima, nikiri hilo.

Fulko akachagua wimbo. Akachagua ule wa mbio kuliko yote, ambao hata nikiwa mzima ulikuwa unanitoa jasho. Nikamwona anatabasamu chini ya filimbi. Fulko, kama unasoma hapa, tabasamu lile nililiona.

Filimbi ikalia. Vibuyu vikavuma. Nikaanza.

Mkono wa kushoto ukatembea. Wa kulia ukakaa juu, unangoja. Nikakata. Kimya. Nikaona miguu ya mstari wa mbele imenyanyuka inatafuta pa kutua, nikajua hapa ndipo wanapojikwaa.

Lakini hawa watu nimewabeba miguu yao miaka yote. Walinisubiri. Mkono ukashuka umechelewa, mzito, DUUM, na mistari yote ikakanyaga chini kwa pamoja. Vumbi likapanda hadi magotini.

Wanawake pembeni wakapiga yowe moja. Nikakata tena. Safari hii walijua, wakaning'inia kwa raha, vibuyu vinazizima peke yake kama ile kwaya ya pangoni. DUUM! Wazee wakasimama kwenye mabenchi. Fulko filimbi ipo mdomoni, hapulizi, mguu wake umenyanyuka kama wengine, anangoja mkono wangu umruhusu aushushe.

Nikamchelewesha makusudi.

Wimbo uliisha mstari haujavunjika. Damasi akaja, akavua kofia ya mpiga ngoma akaniwekea kichwani. Akasema, "Kaka." Siku hizi tunasalimiana.

Mbinga tulipanda. Vikundi vya milimani vilikuwa vimejipanga, wapo vizuri, wana pumzi za kupanda mashamba ya kahawa. Lakini tulipoingia sisi na mpigo ule, uwanja ulisimama. Tukatangazwa wa kwanza.

Sasa oneni Fulko alivyo. Akapewa kipaza sauti aseme neno. Akashukuru viongozi, akashukuru mapadri, halafu akasema mpigo huu mpya ameubuni yeye mwenyewe baada ya kufikiri sana.

Watu wakapiga makofi, wakaomba turudie. Fulko akapuliza filimbi.

Mimi nikaweka vijiti juu ya magoti.

Akapuliza tena. Nikamtazama. Mistari imejipanga, vibuyu viko midomoni, uwanja mzima unangoja. Akanijia akaninong'oneza, "Kaka, piga, tunaaibika."

Nikamwambia, "Waambie nani kaubuni. Mimi ni marehemu, siwezi kusema."

Rangi ikamtoka, wakuu. Alikuwa hajui kwamba niliyasikia yale ya wodini.

Akarudi kwenye kipaza sauti. Akasema, "Nimekosea. Mpigo ni wa kaka yangu Baba Neema. Amefundishwa na... na Babu Chuma." Habari za kibandani Benja alikuwa ameshazitangaza Liuli nzima.

Mzee mmoja wa Kimatengo, mwenyeji wa huko milimani, akauliza kwa nguvu kutoka nyuma, "Huyo Babu Chuma ni wa kijiji gani?"

Benja akajibu kutoka kwenye umati, "Alikuwa wa Liuli, mzee! Baba Neema kamuua!"

Nikanyanyua vijiti. Nikapiga hadi mkono wa kulia ukachoka kwa uchovu wa haki, uchovu wa mkono uliofanya kazi.

Kwa hiyo vijana mnaobishana huko juu, mimi kura yangu ni Babu Chuma. Baadaye Benja amenisikilizisha za mabosi wengine kwenye simu. Ile ya joka ni nzuri, ina tarumbeta tamu, lakini kelele zimezidi, mpiga ngoma anajaza kila nafasi kama anaogopa kimya. Ya mchawi wa mnarani inanipendeza pale mwanzoni tu. Muziki wa bosi wa mwisho unatakiwa ukuambie unakufaje, na ukiwa na masikio ukuambie unaponaje. Huu wa Babu unasema yote mawili.

Nilichojifunza ni hiki. Zimeni hizo spika za nje, mpandishe sauti ya gemu, mtu aliyetunga ule muziki hakuwa mjinga. Na wewe uliyelala mahali umepooza, watu wanakugawana ukisikia, usibishane nao ukiwa chini. Tafuta kazi ambayo huo mkono ulivyo sasa unaiweza, uanzie hapo.

Fulko sijamsamehe. Msije mkaniandikia mistari ya dini kwenye komenti.

Ila semeni: bosi gani wa mwisho muziki wake ulikufanya uache kubonyeza ukabaki unasikiliza? Nielezeeni ngoma yake inaingiaje. Benja atanitafutia, nami nitaijaribu kwenye ngozi.